Namna ya Kupanga Ugumu wa Kupiga katika MLB The Show: Tengeneza Macho Kabla ya Kuongeza Nguvu

Mtu anayefungua MLB The Show, mchezo wa video wa besiboli, kwa mara ya kwanza, hasa kama amekulia kwenye soka kama wengi wetu, hukutana na tatizo moja kabla ya mengine yote: mpira unafika kabla hajaamua kama aupige au auache. Akishindwa mara kadhaa, huingia kwenye mipangilio na kuongeza nguvu za wapigaji wake, au hushusha mchezo mzima hadi kiwango cha chini kabisa, na baada ya mechi chache hujikuta anafunga mikimbio 20 (mikimbio ndiyo pointi za besiboli) bila kujua amefanya nini. Njia zote mbili humnyima kitu kizuri kuliko vyote katika mchezo huu, nacho ni ile sehemu ndogo ya sekunde ambamo jicho linautambua mtupo na mkono unaitikia. Mwongozo huu unashikilia jambo moja: ugumu wa kupiga upangwe kwa kufuata kile ambacho macho yako yanashindwa kukiona, na nguvu za gongo ziguswe mwisho kabisa, kama kutakuwa na haja ya kuzigusa.

Mchezo wenyewe unatengenezwa na San Diego Studio, ambayo ni ya Sony. Mfululizo wake ulianza mwaka 2006 kwenye PlayStation, ukaingia Xbox mwaka 2021 na Nintendo Switch mwaka 2022. Majina ya menyu nitakayoyataja yako kwa Kiingereza ndani ya mchezo, kwa hiyo nayaacha yalivyo ili uyatambue kwenye kioo. Mpangilio wa kurasa hubadilika kidogo kutoka toleo moja hadi jingine, lakini vitu vinavyozungumziwa hapa vimekuwamo kwa miaka mingi.

Kabla ya kugusa menyu ya mchezo

Katika uwanja halisi, mtupaji husimama mita 18.44 kutoka bamba la kupigia, na mpira unaotupwa kwa kilomita 150 kwa saa humfikia mpigaji kwa takriban sekunde 0.4. Mchezo huu unajaribu kuiga muda huo. Sasa tazama televisheni yako: nyingi, zikiwa katika hali ya kuonyesha filamu, huchelewesha picha kwa makumi ya milisekunde, na baadhi hupita milisekunde 100, kwa sababu ya kazi ya kulainisha mwendo na kunoa rangi. Milisekunde 100 ni robo nzima ya safari ya mpira. Mtu anayecheza hivyo amepewa kiwango kigumu zaidi bila kukichagua, na hata akipunguza ugumu ndani ya mchezo atabaki anachelewa kwa namna asiyoielewa.

Kwa hiyo kazi ya kwanza iko kwenye rimoti ya televisheni. Ingia kwenye mipangilio ya picha, tafuta hali ya michezo, ambayo kwa kawaida huandikwa Game Mode, uiwashe kwa ajili ya tundu la HDMI ambalo mashine yako imechomekwa, kisha hakikisha kwamba ulainishaji wa mwendo umezimwa. Rangi zinaweza kupoa kidogo, na hilo ni la kuvumilia.

Jambo la pili ni kamera. Ndani ya mipangilio ya upigaji kuna mitazamo mingi, na baadhi yake hukuweka mbali nyuma ya mdakaji, mahali ambapo mpira huonekana kama nukta. Mitazamo iitwayo Strike Zone hukuleta karibu na eneo la straiki, yaani dirisha la juu ya bamba ambamo mtupo usiopigwa huhesabiwa kosa la mpigaji (straiki, na tatu humtoa), na mpira hukua waziwazi kadiri unavyokaribia. Chagua mmoja katika kundi hilo na ukae nao. Kila unapobadilisha kamera, macho yanaanza kujifunza upya umbali na pembe, hivyo matokeo ya mabadiliko mengine yote utakayoyafanya hayatakuambia kitu.

Chagua namna ya kupiga, kisha kiwango

Mchezo una namna tatu kuu za kupiga. Ya kwanza, Directional, inakutaka ubonyeze kitufe kwa wakati unaofaa na kuelekeza tu upande unaotaka mpira uende kwa kijiti cha kushoto, huku sehemu kubwa ya kazi iliyobaki ikifanywa na sifa za mchezaji. Ya pili, Timing, inakudai wakati peke yake. Ya tatu, Zone, inakupa alama ya kulengea iitwayo PCI, ambayo unaihamisha kwa kijiti cha kushoto hadi pale unapoona mpira utapita, na papo hapo unabonyeza kitufe. Zone ndiyo ngumu zaidi, na ndiyo inayolipa zaidi, kwa kuwa pigo zuri linakuwa kweli limetoka mikononi mwako.

Ushauri wangu ni kwamba anayeanza atumie Timing kwa mechi chache tu, hadi pale ambapo halazimiki tena kufikiria kitufe, kisha ahamie Zone na asirudi nyuma. Kuna wachezaji wanaokaa kwenye Directional kwa miaka na kuufurahia mchezo, na hakuna ubaya. Lakini mtu anayetaka kupanda viwango atalazimika kujifunza kulenga siku moja, na ni rahisi zaidi kujifunza hilo katika kiwango cha chini, ambako makosa yanasamehewa, kuliko kulianza juu akiwa tayari na mazoea mengine.

Sasa viwango vyenyewe. Ngazi inayofahamika inaanza na Beginner, kisha Rookie, Veteran, All-Star, Hall of Fame na Legend. Ugumu wa kupiga na ugumu wa kutupa hupangwa kila mmoja peke yake, kwa hiyo hakuna sababu ya kushusha mchezo mzima kwa kuwa tu unashindwa kupiga. Unapopanda ngazi kwa upande wa kupiga, mambo mawili yanayohisiwa mara moja ni kwamba mpira unakuja kwa kasi zaidi machoni, na alama ya PCI inakuwa ndogo. La tatu linaonekana polepole zaidi: dirisha la wakati unaokubalika kwa pigo linabana, hata lile pigo ambalo kule chini lingekuwa hiti dhaifu (hiti ni pigo linalomfikisha mpigaji kituoni) linageuka kuwa mpira wa juu unaodakwa kwa urahisi.

Ipo pia hali iitwayo Dynamic, ambayo hupanda unapofanya vizuri na kushuka unapozidiwa, ikiwa na hatua za kati zenye alama ya kujumlisha baina ya kiwango na kiwango. Kwa mtu ambaye hajui pa kuanzia, hii ni njia nzuri ya kupata jibu. Icheze kwa mechi kadhaa, tazama inapotulia kwa upande wa kupiga, kisha izime na uchague kiwango hicho kwa mkono wako. Sababu ya kuizima ni kwamba huwezi kupima lolote kwenye msingi unaosogea. Kama leo umebadilisha kasi ya mitupo na papo hapo mchezo wenyewe umekupandisha nusu hatua, hutajua ni kipi kilichokuangusha.

Wakati uko kwenye ukurasa huo, zima Guess Pitch, yaani ile nafasi ya kubashiri aina ya mtupo kwa kushikilia kitufe ili mchezo ukuonyeshe unakokwenda ukibahatisha. Inapendeza mwanzoni, lakini inafanya kazi ambayo macho yako yalipaswa kuifanya.

Kusoma taarifa baada ya kila pigo

Hapa ndipo wengi wanapopita haraka, na ndipo ninapomwomba msomaji akae kwa muda. Washa taarifa za upigaji ndani ya mipangilio ya maonyesho, ili baada ya kila kuzungusha gongo uone mambo mawili: wakati wako ulikuwaje, na PCI ilikuwa wapi ukilinganisha na mpira. Taarifa ya wakati husema kama uliwahi, ulichelewa au ulipatia, pamoja na viwango vya kati kama kuwahi kidogo na kuchelewa sana. Taarifa ya mahali huchorwa: utaona alama yako na mpira ulipopita.

Kushindwa kupiga kuna vyanzo vitatu tu. Ama wakati ulikosewa, ama mahali palikosewa, ama mtupo wenyewe haukustahili kupigwa. Kila chanzo kina dawa yake, na dawa ya kimoja haiponyi kingine. Ndiyo maana kuongeza nguvu bila kusoma taarifa hizi ni kutibu mguu kwa maumivu ya jino.

Chukua mfano mmoja. Uko Veteran, na mtupaji wa upande wa pili ana mtupo wa kasi wa maili 95 kwa saa na mtupo wa polepole, chenjiapu, wa maili 84. Mchezo huandika kasi kwa maili, kwa hiyo zizoee. Anaanza na mtupo wa kasi katikati ya eneo, unazungusha gongo, taarifa inasema umechelewa. Anarudia, unachelewa tena lakini unaugusa na mpira unatoka nje ya mstari. Sasa umejiambia kwamba lazima uwahi. Anatupa chenjiapu, mkono wake ukitembea vilevile kama mwanzo, nawe unazungusha gongo mpira ukiwa bado njiani. Taarifa inasema umewahi sana. Straiki tatu, umetoka.

Anayesoma taarifa ya mwisho peke yake atadhani tatizo lake ni kuwahi. Anayesoma zote tatu ataona kwamba macho yake hayajaweza kutofautisha mtupo mmoja na mwingine, na kwamba alikuwa akibonyeza kwa kukisia. Huyu hahitaji nguvu wala PCI kubwa. Anahitaji muda zaidi wa kuona, na tofauti ndogo zaidi baina ya kasi mbili, hadi atakapozoea.

Mfano wa pili ni wa yule ambaye wakati wake ni mzuri mara nyingi, lakini mipira yake inakwenda juu na kudakwa, au inabingirika kwa wachezaji wa ndani. Huyu atazame mchoro. PCI ikikaa chini ya mpira, pigo hupanda juu bila nguvu, na ikikaa juu ya mpira, pigo hubingirika ardhini. Kwa kawaida wachezaji wapya huisukuma PCI kupita kiasi: wanaona mpira unakuja chini, wanaisukuma hadi mwisho wa eneo, na mpira unapita sentimeta chache juu yake. Dawa hapa ni mazoezi ya kusogeza kijiti kidogo, pamoja na kuitumia nafasi ya kuitia PCI nanga, ambapo kabla ya mtupo unachagua sehemu ya eneo la straiki na alama inaanzia hapo badala ya katikati. Kasi ya mpira si adui wake mkubwa.

Mfano wa tatu ni wa yule anayepiga kila kitu. Taarifa zake zimechanganyika, hazina mwelekeo wowote, na ukitazama mchoro utaona mpira nje kabisa ya eneo la straiki, mara chini karibu na vumbi, mara nje ya bamba. Bamba lina upana wa sentimeta 43 tu, na eneo la straiki kwa urefu linaanzia chini ya goti hadi katikati ya mabega na mkanda wa suruali. Ni dirisha dogo. Waliocheza kriketi Nairobi au Kampala wanaweza kushangaa kwamba wao ndio wanaoteseka zaidi hapa, kwa kuwa mpigaji wa kriketi hulinda wiketi zake na hawezi kuacha mipira mingi bila hatari, ilhali mpigaji wa besiboli hupata kituo cha kwanza bure akiiacha mitupo 4 ya nje. Kuacha mpira ni sehemu ya kupiga. Hakuna kitelezi (kipimo cha kusogeza kwenye mipangilio) cha upande wake mwenyewe kitakachomsaidia mtu huyu, na kila atakachoongeza kwenye nguvu kitampa thawabu kwa tabia mbaya.

Vitelezi, kwa mpangilio wa umuhimu

Ukishajua chanzo chako, ingia kwenye ukurasa wa vitelezi, uitwao Sliders. Kila kitelezi kina alama kuanzia 0 hadi 10, na 5 ndiyo thamani ya kawaida. Vitelezi vya kupiga vimegawanywa pande mbili, upande wako ulioandikwa Human na upande wa kompyuta ulioandikwa CPU. Angalia vizuri uko upande upi kabla ya kusogeza chochote, kwa maana ni kawaida sana mtu kuongeza uwezo wa kompyuta huku akidhani anajisaidia, kisha akashangaa kwa nini watupaji wake wanapigwa.

Cha kwanza kuguswa ni kasi ya mitupo. Kuna kitelezi cha mitupo ya kasi na kingine cha mitupo ya polepole na ya kupinda, na utengano huu ni wa thamani kubwa kwa yule wa mfano wa kwanza. Shusha kasi ya mitupo ya kasi kutoka 5 hadi 3 na uiache ile ya polepole kwenye 5. Matokeo yake ni kwamba pengo baina ya mtupo wa kasi na chenjiapu linapungua, na macho yanapata nafasi ya kuangalia mpira wenyewe badala ya kuhofia kuchelewa. Cheza hivyo mechi kadhaa. Utaanza kuona vitu ambavyo hukuwa ukiviona: jinsi mpira wa kupinda unavyoruka juu kidogo mwanzoni kabla ya kushuka, jinsi slaida, mtupo unaochepuka pembeni, inavyoonekana kama mtupo wa kasi hadi karibu na bamba, kisha ikachepuka. Ukifika hapo, rudisha kasi hadi 4, na baadaye 5. Usishushe vyote viwili kwa pamoja, kwa sababu ukifanya hivyo pengo linabaki vilevile na unachojifunza ni kusubiri tu.

Wapo wanaofanya kinyume katika viwango vya chini, na wana hoja. Mtu aliyekwisha kuzoea Rookie, ambaye anaona mpira unaelea, anaweza kupandisha kasi ya mitupo hadi 6 au 7 huku akibaki Rookie, ili macho yake yazoee kasi ya Veteran wakati PCI bado ni kubwa. Kwa njia hiyo anapambana na ugumu mmoja kwa wakati mmoja. Nimeona njia hii ikifaa sana, na ningeipendekeza kwa yeyote anayesitasita kupanda.

Cha pili ni kitelezi kiitwacho Timing (si ile namna ya kupiga yenye jina hilo), ambacho hupanua au kubana uvumilivu wa mchezo kwa makosa ya wakati. Kipandishe hatua moja, usizidishe mbili, na kwa yule tu ambaye taarifa zake zinasema mara kwa mara kwamba amewahi kidogo au amechelewa kidogo. Kama zinasema umechelewa sana, kitelezi hiki hakitakuokoa, rudi kwenye kasi au kwenye televisheni.

Cha tatu ni kitelezi cha kompyuta kuhusu wingi wa straiki, CPU Strike Frequency. Ukikishusha hatua moja au mbili, mtupaji wa kompyuta atatupa mitupo mingi zaidi nje ya eneo, na hapo kuacha mpira kunapata faida inayoonekana. Nakipenda kitelezi hiki kwa sababu kinamfundisha yule wa mfano wa tatu bila kumpa zawadi: akiendelea kuzungusha gongo ovyo atazidi kuumia, na akitulia atapata vituo vya bure.

Foul Frequency huongeza au kupunguza mipira inayoguswa na kutoka nje ya mstari, hivyo hurefusha au kufupisha zamu ya mpigaji. Iache ilipo isipokuwa unapenda zamu ndefu. Contact (kuugusa mpira), Power (nguvu) na Solid Hits (mapigo imara) ndivyo vitelezi ambavyo watu hukimbilia, na ndivyo ninavyoviweka mwisho. Kazi yake halali ni kusawazisha matokeo ya mtu ambaye tayari anaona vizuri, anapatia wakati na anachagua mitupo, lakini hesabu zake bado ziko mbali na besiboli halisi. Hapo hatua moja kwa kitelezi kimoja inatosha.

Kupima kabla ya kupanda

Ili ujue kama mpangilio wako ni wa haki, lazima uwe na kitu cha kulinganishia, na kitu bora ni ligi yenyewe. Katika msimu wa 2024 wastani wa kupiga wa ligi kuu ya Marekani ulikuwa .243, yaani wapigaji wa kulipwa walishindwa kupata hiti katika zaidi ya fursa 7 kati ya 10. Timu moja katika mechi moja ilipata takriban hiti 8, ilitolewa kwa straiki tatu kati ya mara 8 na 9, ilipewa vituo 3 vya bure, na ilifunga mikimbio 4 na kidogo. Mchezaji wa mwisho kumaliza msimu wa American League au National League, zile ligi mbili zinazounda ligi kuu, akiwa na wastani wa .400 au zaidi ni Ted Williams, aliyepata .406 mwaka 1941. Kama timu yako nzima inapiga .380, uko kwenye kiwango kilicho chini yako, hata kama ushindi unapendeza.

Usipime kwa mechi moja. Besiboli ina bahati nyingi, na hata pigo safi lililopata wakati na mahali huweza kwenda moja kwa moja kwenye glavu ya mchezaji. Weka mpangilio, ucheze bila kuugusa kwa mechi kama 10, ndipo uangalie takwimu. Kama unacheza mechi fupi za awamu 3 badala ya 9, gawa zile namba za ligi kwa tatu, na uongeze idadi ya mechi za kupimia.

Takwimu ninayoiamini kuliko zote ni vituo vya bure. Hiti zinaweza kutoka kwa bahati, na homu rani (mapigo yanayovuka uzio wa uwanja) zinaweza kutoka kwa kitelezi cha nguvu, lakini mtu hapati vituo vya bure bila kuona. Ukiwa unapata viwili au vitatu kwa mechi kamili, na straiki tatu zako haziko mbali na 9, panda kiwango hata kama wastani wako wa kupiga ni wa kawaida tu. Ukiwa na hiti nyingi na hakuna kituo cha bure hata kimoja, kaa hapo ulipo, kwa sababu kiwango cha juu kitakuadhibu vikali.

Angalia pia ni nani anayepiga. Ukubwa wa PCI hautegemei kiwango peke yake, unategemea na sifa za mchezaji, kama uwezo wake wa kuugusa mpira dhidi ya mtupaji wa mkono wa kulia au wa kushoto, na uwezo wake wa kuona. Mdakaji dhaifu anayepiga wa tisa atakuwa na alama ndogo hata ukiwa Rookie. Usibadilishe mipangilio kwa hasira aliyokutia yeye. Hili linahusu zaidi wanaocheza Road to the Show, hali ya kumwendeleza mchezaji mmoja, ambako unaanza na kijana mwenye sifa za chini kabisa: huko ni halali kuanza hatua moja chini ya kawaida yako, kisha kupanda sifa zake zinapokua.

Kitufe unachobonyeza nacho ni sehemu ya ugumu. Kwenye PlayStation, kitufe cha msalaba ni pigo la kawaida, cha duara ni pigo la kugusa ambalo hupanua PCI na kupunguza nguvu, na cha mraba ni pigo la nguvu ambalo hubana PCI. Anayebonyeza mraba kila mara amejipandishia kiwango mwenyewe. Tumia msalaba kwa kipindi chote cha kupima. Baadaye duara litakufaa ukiwa na straiki mbili, na mraba ukiwa unaongoza hesabu, kwa mfano mipira miwili ya nje bila straiki, ambapo mtupaji analazimika kuleta mpira eneo la straiki nawe unaweza kusubiri sehemu moja tu.

Mazoezi, na mahali ambapo vitelezi havifiki

Hali ya mazoezi hukuruhusu kuchagua mtupaji, aina za mitupo na sehemu inapokwenda. Itumie kwa jambo moja mahususi. Yule wa mfano wa kwanza aweke mtupo wa kasi na chenjiapu tu, na kwa mitupo ya mwanzo asizungushe gongo hata kidogo. Kazi yake iwe kutaja kwa sauti aina ya mtupo kabla haujafika bambani. Akipata mingi kwa usahihi ndipo aanze kupiga. Zoezi hili linachosha kidogo na halina shangwe, lakini sijui njia ya haraka zaidi ya kuyafungua macho.

Mnapocheza watu kadhaa kwenye mashine moja na akaunti moja, kama ilivyo katika nyumba nyingi zetu, andika thamani zako kwenye karatasi au kwenye simu: kiwango cha kupiga, kamera, namna ya kupiga, na kila kitelezi kisicho kwenye 5. Mdogo wako akizibadilisha jioni, utazirudisha ndani ya dakika mbili bila ugomvi.

Mwisho, kumbuka kwamba vitelezi hufanya kazi katika mechi za kawaida dhidi ya kompyuta na katika Franchise, hali ya kuendesha timu, lakini havina nafasi katika Diamond Dynasty, hali ya kuunda timu kwa kadi za wachezaji, wala katika mechi za ushindani za mtandaoni. Huko kiwango kinawekwa na mchezo wenyewe, mechi za kupanda daraja huanzia All-Star, na ukipanda unakutana na Hall of Fame na hatimaye Legend. Anayekusudia kwenda huko ajipange mapema: arudishe vitelezi vyote kwenye 5, azime misaada, acheze All-Star dhidi ya kompyuta hadi vituo vya bure vianze kuja vyenyewe, na aongeze kasi ya mitupo hadi 6 katika mechi chache za mwisho za maandalizi, kwa kuwa binadamu wa upande wa pili atachanganya mitupo kwa ujanja ambao kompyuta haina, na mtandao nao huongeza ucheleweshaji wake kidogo juu ya ule wa televisheni.